Maji Niliyotia Katika Chupa ya Papa Asani

Feza wangu,

Nimekutuma kwa Mama Ida akusuke, na nimemnong'oneza Mama Ida asiharakishe. Usinikasirikie. Nilitaka nyumba ibaki bila wewe kidogo ndipo niweze kuandika, maana nikikuona usoni mkono wangu utaandika mambo ya chandarua na ya kuchemsha maji, na hayo yote tonton, mjomba wako, atakuambia mkifika Kinshasa, atakuambia mpaka uchoke. Kesho asubuhi boti inashuka. Miaka yote ile ya uasi mto ulikuwa umefungwa, hata barua haikupita. Leo umefunguliwa, na kitu cha kwanza unachonichukulia ni wewe.

Nina jambo moja tu la kukuambia. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara nne wiki hii.

Unakumbuka juzi mezani, ulipofungua daftari la Papa Asani kati ya sahani ya pondu, majani ya mihogo, na sufuria ya wali. Ukaweka kidole chako kwenye ule ukurasa wenye doa la mafuta, ukasema: "Mama, ona. Hapa ndipo alikosea. Unga wake unakufa baada ya mara ya kwanza, yeye mwenyewe ameandika. Mimi nikifika université siupotezei wakati, naanza na udongo mwingine." Ulikuwa unafurahi. Mimi nikanyanyuka nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi tayari. Ukacheka, ukasema mama anazeeka. Nina miaka thelathini na minne, Feza, usinizeeshe kabla ya wakati.

Papa Asani hakukosea. Mwenye kosa katika ukurasa ule ni mimi.

Wewe unamkumbuka kama mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuacha ukae juu ya kreti karakanani kwake huku Mangobo na kumwuliza maswali mpaka kichwa kinamuuma. "Huyu mutoto anauliza kuliko mukaguzi," alikuwa akiniambia, na unajua alikuwa anajivuna. Lakini mimi na yeye tulianza kabla hujaanza kukaa juu ya ile kreti, na kuna mambo hukuyaona.

Alikuwa wa zile familia za Kiislamu za zamani za mji huu, mafundi tangu babu zao. Miaka mingi alifanya kazi ya maabara kule Yangambi, mpaka mshahara ukawa hadithi, akarudi mjini kutengeneza betri za magari. Kisha uasi ukaja. Mto ukafungwa, na mazutu, dizeli ya mashine, ikawa ya wenye bunduki peke yao. Unakumbuka maternité ya hapa kwetu, ile yenye ukuta wa rangi ya samawati ambako wewe mwenyewe ulizaliwa. Walikuwa na jenereta yao moja, nzuri, imekaa kimya kama bibi arusi asiyependa bwana. Wakunga walizalisha kwa taa za mafuta ya ngazi, haya mawese yetu ya kupikia. Papa Asani aliona jambo hilo likamkera. Alisema mji huu una mafuta ya ngazi ya kuogea, una pombe ya kuogea, na mutu anayejua kazi yake anaweza kuvifungisha arusi hivyo viwili vikazaa mazutu.

Ndipo akaja kwangu, kwa sababu pombe ya mtaa ilikuwa ni mimi.

Hilo unalijua, nilikuwa napika lotoko. Sikukuficha, ingawa ulikuwa unapita upande wa pili wa njia ukiwa na wenzako wa shule. Bibi yako alinifundisha. Yeye aliona uhuru ukifika, akaona na uasi wa kwanza, na alichotoa katika yote hayo ni kwamba askari wa kila serikali wanakunywa. Mimi nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na sita, shule niliacha darasa la pili la sekondari, baba yako alishuka na boti ya mizigo kabla mto haujafungwa na hakurudi. Nilikuwa na mahindi, mihogo, pipa na bomba la shaba. Nikapika.

Papa Asani alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Nikamtania: "Papa Asani, leo msikiti umewaruhusu?"

"Mimi sitakunywa, Mama Feza. Ni mafuta ndiyo yatakunywa."

Tukacheka wote wawili. Ndivyo tulivyoanza.

Alinieleza kazi yake kama alivyokueleza wewe baadaye, lakini mimi nilikuwa wa kwanza kuelezwa, niruhusu nijivune kidogo. Alisema: "Bwana ni pombe, bibi ni mafuta. Hawatazamani hata. Inahitajika mshenga. Anawakutanisha, anafungisha arusi, alafu yeye anatoka mlangoni mzima kama alivyoingia, anakwenda kufanya arusi ya pili na ya tatu. Huyo ndiye catalyseur."

"Na wetu yuko wapi?"

"Wetu iko na shida. Mafuta ya soko letu yamezeeka, yamechacha. Nikitia jivu kali lifungishe arusi, linakwenda kupigana na ule uchachu kwanza, napata sabuni."

"Bon, si hata sabuni imekosekana?"

"Imekosekana. Lakini ulisikia wapi sabuni ikiwasha taa ya maternité?"

Basi alikuwa anatafuta mshenga mwenye mikono miwili. Mkono mmoja utulize uchachu, mkono wa pili ufungishe arusi, vyote katika chungu kimoja, maana kuni za vyungu viwili hatukuwa nazo. Unga wa kazi ya kwanza alikuwa nao: ile pembe, udongo mweupe wanaoula wanawake wenye mimba, ameuloweka katika asidi ya betri na kuuosha. Unga wa kazi ya pili alikuwa nao: maganda ya kome wa mtoni aliyoyachoma katika tanuri ya matofali mpaka yakawa meupe. Lakini akizichanganya hivi hivi zinauana zenyewe kabla ya kuona mafuta. Ilimbidi aziweke katika punje moja, kila moja ikae upande wake. Moto ukiwa mdogo haziungani, ukizidi zinaungana mpaka kila moja inasahau kazi yake. Miezi mingi nilimwona anaingia na kutoka tanurini na nyusi zimeungua. Wewe umeyasoma yote kwenye daftari. Sikufundishi kemia mimi, nisamehe.

Kazi yangu ilikuwa moja: kumpa pombe isiyo na maji. Maji kidogo tu, alisema, na arusi inaharibika, inageuka sabuni. Nilipika lotoko mara tatu, kisha nikailaza siku mbili juu ya maganda ya kome yaliyochomwa, yainywe unyevu wake, kisha nikaipika tena. Mara ya kwanza nilipomletea chupa, alitia ndani yake chembe za mrututu, ile chumvi ya buluu, alizozichoma mpaka zikapoteza rangi. "Zikibaki nyeupe, pombe ni kavu. Zikirudi buluu, umenidanganya." Tuliinama wote wawili juu ya kikombe. Zikabaki nyeupe. Alinitazama kwa namna ambayo hakuna mtu alikuwa amewahi kunitazama, Feza. Si kama mwanamume anavyomtazama mwanamke, usifikirie hivyo. Alinitazama kama fundi anavyomtazama fundi.

Baada ya siku hiyo hakupima tena. Fundi mwenziwe mmoja aliuliza mbele yangu, "Unaiamini pombe ya hawa wamama?" Akamjibu: "Nipime kwa nini? Mama Feza ndiye amepika."

Mara ya kwanza ya unga wa mikono miwili ilifaulu. Mazutu ilikaa juu, angavu kama chai isiyo na maziwa, chini yake ule utomvu mtamu. Jenereta ya maternité ilikohoa, ikashika. Saa mbili nzima taa ziliwaka, wakunga wakaimba. Wewe ulikuwepo, ulirukaruka ukapoteza kiatu.

Wiki ile ile homa ikakushika. Unakumbuka homa, hukumbuki dawa ilitoka wapi. Kwinini ilikuwa kwa askari mmoja muuguzi wa kizuizi cha barabarani, na askari huyo hakutaka kitu kingine ila pombe kali. Chupa ya Papa Asani ilikuwa imesimama pembeni, imejaa, iko tayari kwa kesho. Nikamimina nusu. Nikampelekea, nikarudi na vidonge. Kisha nikafanya kile ambacho kila muuza lotoko wa mji huu anafanya chupa ikipungua, bibi yako alinifundisha siku ile ile aliyonifundisha pipa. Tunakiita kubatiza. Nikajaza maji mpaka shingoni.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa barua nzuri: mama, mtoto mgonjwa, vidonge, na wewe ungelia kidogo ndani ya boti na kunisamehe kabla hamjafika Isangi. Lakini unakwenda kujifunza kazi ambayo mtu hawezi kuandika nusu ya kilichotokea. Basi sikiliza. Mara ya kwanza ilikuwa kwinini. Mara ya pili ilikuwa samaki, maana tulikuwa na siku nyingi za pondu tupu, lakini hatukuwa tunakufa. Mara ya tatu ilikuwa kikwembe, kitenge cha kujifunga. Kile cha kijani chenye ndege. Ndiyo, hicho hicho. Nilikiona mabegani mwa mke wa komanda mmoja na roho yangu ikakataa kutulia. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu aliyechoka. Mwaka jana nilikukatia blauzi kutoka kwake, ukaenda nayo kufanya mtihani wa diplôme, na watu wote wakasema Feza amependeza.

Mara ya kwanza nilijiambia nusu chupa haitaharibu kitu. Papa Asani akapika. Alikoroga toka asubuhi mpaka adhuhuri, na ndani ya chungu kikatokea kitu kizito kama uji wa mtoto. Alikishika kwa vidole, kikateleza. Sabuni.

Hakunitazama mimi. Aliutazama unga wake.

"Imechoka," akasema. "Mshenga wangu amefanya arusi moja, amekufa."

Ndipo pa kusema, unaona? Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Nikasema: "Labda ni moto, Papa Asani."

Ndivyo nilivyosema. Nikamtafutia kosa lingine la kushika. Alikwenda akabadilisha moto. Nikabatiza tena. Akabadilisha pembe, akatuma watu mpaka upande wa Opala kutafuta nyingine. Nikabatiza tena. Feza, ukitaka kujua uongo unavyofanya kazi katika nyumba ya mtu anayekuamini, ndivyo hivyo: haukai mahali ulipouweka. Unamtuma yeye kila siku kutafuta mahali ambapo haupo.

Baada ya kikwembe niliogopa, nikaacha. Nikampikia chupa safi, kavu, sikuigusa. Lakini nilichelewa. Siku niliyompelekea nilimkuta nyuma ya karakana anamwaga debe zima la unga juu ya takataka.

"Papa Asani, unafanya nini? Jaribu mara moja tena. Leo tu."

"Mama Feza, una moyo mwema. Lakini kitu kikikataa mara tatu kwa pombe nzuri, mutu mwenye akili anaelewa."

Kwa pombe nzuri. Nilikuwa nimeshika chupa mkononi. Alinipokonya kwa upole, akaiweka kivulini, akaniambia nikapumzike, nina macho mekundu. Akaingia ndani, akaandika ule ukurasa uliouwekea kidole juzi.

Alipofunga mlango nilipiga magoti pale kwenye takataka nikakusanya unga kwa viganja kabla mvua haijanyesha. Nilijaza kopo moja la maziwa. Nikaliziba kwa nta ya mshumaa, kama alivyonifundisha, maana hewa nayo inaudhuru. Nilijiambia: kesho nitampelekea na kumwambia yote. Siku chache baadaye majeshi mawili ya wageni yakapigana katika mji wetu kwa siku sita, tukalala chini ya kitanda mimi na wewe, na tulipotoka karakana haikuwa na paa. Kesho yangu ikapata sababu nyingine. Unajua, sababu hazikosekani. Hazikunikosa hata siku moja.

Unataka kujua kuhusu maternité. Najua utauliza, kwa sababu wewe ni wewe. Kila jioni nilipita pale nikaona ile mianga midogo ya mafuta ya ngazi madirishani. Sikuwahi kuwauliza wakunga kama kuna aliyepotea kwa ajili ya giza. Nilikuwa nawasalimu na kupita haraka. Mpaka leo sijui, na nilijipangia nisijue. Hilo nalihesabu kosa peke yake, na linanisumbua kuliko lile la maji.

Mwaka uliofuata Papa Asani akaugua tumbo. Ulikuwa unampelekea uji, mimi namfulia. Siku aliyokupa daftari ulikimbia nyumbani kuniambia, ukiwa umelikumbatia. Mimi nilibaki naye. Nikakaa kwenye ile kreti yako. Nikasema, "Papa Asani, ule unga." Akafumba macho akatabasamu. "Wacha unga, Mama Feza. Nilikosea, lakini niliota vizuri." Nikawaza: mzee amepata amani, nisiivunje. Niliita jambo hilo huruma. Kumbe nilikuwa nachunga ule utazamaji wake wa siku ya kwanza, wa fundi kwa fundi. Sikutaka aniondolee kabla ya kufa. Basi akaenda kaburini na kosa langu akidhani ni lake.

Watu watakuambia uwe na bidii. Bidii unayo, ulizaliwa nayo, ulizaliwa unapiga mateke. Mimi ninachojua juu yako ni kingine: wewe unapenda watu haraka, umeturithi mimi na Papa Asani. Siku moja utakuwa na karakana yako, na mtu mzuri, mchovu, mwenye mtoto, atakuletea chupa. Mpende. Mpe chakula. Na upime chupa. Usipime kwa siri kama polisi. Pima mbele yake, muiname wote wawili juu ya kikombe. Papa Asani angenipima kila mara, nisingekuwa mwizi hata siku moja, nakuapia. Simlaumu. Nakuambia tu jinsi mimi nilivyoumbwa, na watu wengi wameumbwa hivyo.

Na siku ukibatiza wewe mwenyewe, maana itakuja siku ambayo hesabu haikai sawa na kuna profesa amesimama nyuma yako, sema siku ile ile. Sema vibaya, sema ukilia, lakini siku ile ile. Siku ya pili inakuwa ngumu mara mbili. Mimi ninakuambia leo baada ya miaka minne, na nimelazimika kukutoa nyumbani kwanza.

Sijui kama unga ule ulikuwa mzuri kweli. Mimi ni mpika pombe. Huenda ungekufa mara ya pili, huenda mara ya ishirini. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile ya taa hakuna mtu aliyeujaribu kwa haki. Usiutupe kwa sababu ya maandishi yake, na usiuamini kwa sababu ya machozi yangu.

Sasa fungua begi lako. Chini kabisa, ndani ya sketi nyeusi, utakuta kopo la maziwa limezibwa kwa nta. Ndilo lile. Miaka imepita, hewa huenda imeingia. Yeye alisema ukiuchoma tena unaamka. Karibu nalo kuna chupa. Nilidhani nimeacha kupika, lakini wiki hii, ulipokuwa unazunguka kuaga watu, nilishusha lile bomba la shaba kutoka darini. Mara tatu motoni, siku mbili juu ya maganda, mara moja tena. Tonton akiiona usimwachie, atainywa na kuiita maombi ya safari.

Na daftari: nimeandika ndani yake bila ruhusa yako. Kwenye ule ukurasa wenye doa, chini ya mwandiko wake mzuri, utaona mwandiko wangu wa darasa la pili. *Pombe haikuwa nzuri. Ilitiwa maji, mara tatu. Aliyetia ni mimi, Veronika, mama wa Feza.* Nilitaka kuongeza "nisamehe", lakini nikaona lile ni daftari la kazi.

Ukitaka kuivua ile blauzi ya kijani, ivue. Ukitaka kushuka mtoni nayo, shuka nayo, inakupendeza bado.

Nasikia sauti yako kwa Mama Ida, unacheka, maana yake amefika kwenye nywele za nyuma. Nitakunja barua hii na kuiweka ndani ya daftari, uikute boti ikishapita mahali ambapo ungeweza kuruka na kuogelea kurudi. Kesho bandarini sitasema kitu. Nitakukumbatia mpaka nahodha apige honi, na wewe utadhani nalia kwa sababu unaondoka.

Chupa imejaa mpaka shingoni, Feza. Ndani ya kitambaa kilichofungwa shingoni mwake kuna mrututu niliouchoma mwenyewe, mweupe. Usiniamini kwa kuwa ni mimi niliyekuzaa. Chukua kikombe. Pima.

Mama yako,
Veronika